Tunakanusha kila siku na watu wanazidi kumwaga dawa ya maji, tufanyeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Kwetu kipindupindu kimeingia, tukaletewa vidonge vya kutibu maji tugawe bure nyumba kwa nyumba. Mwanzoni watu walipokea vizuri tu, baadaye ikaanza kuzunguka voisi ya WhatsApp, mwanaume anasema vidonge vinaziba uzazi na kipindupindu chenyewe kinaletwa na hivyo hivyo vidonge. Sasa watu wanavimwaga, juzi wametufukuza mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Bosi wetu amekodi gari la matangazo linapita linasema puuzeni uvumi, dawa haizibi uzazi, atakayesambaza uongo atakamatwa. Mimi naona ndo hali inazidi kuwa mbaya. Tufanyeje? Na huyu wa voisi namjua, ni mtu wa hapa hapa, nimripoti polisi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole na kazi, najua ilivyo kutukanwa na watu unaowahangaikia. Kwanza kama una namna ya kumfikia bosi wako leo leo, mwombe hilo gari lipumzike. Sisemi ana nia mbaya, karibu kila mtu anayekutana na hii ishu kwa mara ya kwanza anakimbilia spika. Ila fikiria mama amekaa zake anaanika dagaa, hana grupu la WhatsApp wala simu ya maana, hiyo voisi hajawahi kuisikia, afu gari la serikali linapita mlangoni kwake linapiga kelele "dawa haizibi uzazi". Kwani nani alisema inaziba? Ndo ameshaanza kuwaza hivyo, na aliyempelekea habari ni nyie wenyewe. Halafu mkaongeza na kitisho cha kukamatwa, na mtu ukimtisha kwa kitu anachokunywa yeye na watoto wake lazima ajiulize kwa nini natishwa kunywa maji.

Sasa tuingie kwenye hiyo voisi. Nyie mnaichukua kama uongo mmoja lakini ina mambo mawili tofauti kabisa, la uzazi na la vidonge kuleta ugonjwa, na kila moja lina dawa yake. Nianze na la pili maana ndo naona watu wengi wa afya wanalidharau, wanacheka, kumbe ndo lenye akili kuliko yote.

Kaskazini mwa Msumbiji, mikoa ya Nampula na Cabo Delgado, hili jambo wamekuwa nalo kwa zaidi ya miaka 20. Kila kipindupindu kikija inaibuka habari kwamba wanaotia unga mweupe kwenye visima ndo wanaotia ugonjwa, watu wa afya wanapigwa, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wameuawa, viongozi wa vijiji wamechomewa nyumba. Tarehe 7 Aprili 2024 mashua ya kuvulia samaki iliyojaza watu ilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji ikitokea Lunga, wakafa karibu watu 100, wengi watoto, na maelezo ya viongozi wa mkoa yalikuwa kwamba walikuwa wanakimbia kwa hofu ya habari za uongo kuhusu kipindupindu. Yaani ugonjwa wenyewe haukuwagusa, hofu ndo iliwapakia kwenye chombo kibovu.

Swali ni kwa nini watu waamini hivyo, na jibu ni kwamba wameona kwa macho yao. Kipindupindu kinachukua kuanzia masaa machache mpaka siku 5 tangu mtu anywe maji machafu mpaka aanze kuharisha. Nyie mnafika na klorini, yaani hiyo dawa iliyo kwenye vidonge, pale ambapo ugonjwa tayari upo au unanukia, si ndio? Kwa hiyo siku mnayogawa vidonge, kijijini kuna watu kadhaa wameshakunywa vimelea jana au juzi na bado wanatembea wazima. Mnagawa, mnaondoka, kesho yake mmoja anaanguka, keshokutwa watatu. Mtu aliyekaa kijijini anachokiona ni gari jeupe, vidonge, halafu ugonjwa, kwa mpangilio huo huo. Hajakosea kuhesabu, amehesabu alichokiona, kilichofichika kwake ni zile siku za kabla ya gari.

Na hili halikuwa la Msumbiji peke yake. Kwenye Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, huko Kongo, iliyotangazwa 1 Agosti 2018 na kutangazwa kuisha 25 Juni 2020, chanjo ilikuwa inatolewa kwa kuzunguka mgonjwa, yaani wanachanjwa waliomgusa na waliowagusa hao. Kinga inahitaji kama siku 10 kujijenga wakati Ebola inaweza kukaa mwilini siku 2 mpaka 21 bila kuonyesha chochote. Hesabu inajiweka yenyewe, kuna waliochanjwa wakiwa wameshaambukizwa, wakafa. Mtaani Beni na Butembo, miji ya huko huko, ikawa fulani alikuwa mzima, wakamchoma sindano, amekufa. Umkatalie vipi mtu huyo kwa kumwambia "chanjo ni salama"? Yeye amezika.

Dawa yake ni kusema kabla. Mkienda kugawa, kabla hata hamjafungua boksi, mseme kwa mdomo wenu wenyewe: jamani, tunagawa leo, lakini msishangae kesho na keshokutwa wakiugua watu hapa hapa, hao walishakunywa maji mabaya wiki hii kabla hatujafika, na akiugua mtu msingoje, mleteni haraka. Ukilisema kabla halijatokea, likitokea linakujengea jina. Ukilisema baada ya kutokea unaonekana unajitetea. Tofauti ni siku mbili tu lakini kwangu mimi hii ndo sentensi moja ambayo ningependa kila mgawaji wa vidonge aijue kwa moyo kuliko zile meseji zote zilizochapwa kwenye vipeperushi. Kwenu imeshachelewa kwa awamu ya kwanza, ila kuna vitongoji hamjafika bado, anzeni nako huko.

Tuje kwenye uzazi. Hapa wala usishangae, kitu chochote kinachotoka nje, cha bure, kinachopelekwa kwa wanawake na watoto, mwisho wake kitaambiwa kinaziba uzazi, iwe chanjo ya polio, pepopunda, vyandarua, unga wa lishe. Na kuna mahali hiyo hofu ina mizizi. Kano, Nigeria, mwaka 2003 viongozi walisimamisha chanjo ya polio kwa hoja hiyo hiyo ya uzazi, na polio ikatoka huko ikasambaa nchi nyingine nyingi. Wengi wakaishia kusema watu wa Kano ni washamba. Lakini mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo hapo hapo Kano, kampuni ya dawa ya Pfizer ilifanya majaribio kwa watoto 200, nusu wakapewa dawa yake mpya na nusu dawa ya kawaida, watoto 11 wakafa, familia zikaja kusema hazikuelezwa kwamba ni majaribio, kesi ikaburuzwa miaka na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75. Sasa wewe ungekuwa mzazi wa Kano mwaka 2003 ungesemaje? Kilichofungua mlango haikuwa mabango ya "polio ni salama". Serikali ya Kano ilipewa nafasi ya kupima yenyewe na ikakubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao, mwaka 2004 kazi ikaendelea. Walibadilisha kitu kinachoonekana, wakampa mwenye shaka haki ya kukagua.

Kwa hiyo na nyie, hoja kubwa mliyonayo mkononi ni kwamba klorini hiyo hiyo ndo inatiwa kwenye maji ya bomba mijini miaka yote, na wadi za wazazi huko mijini zimejaa. Iseme hivyo hivyo, kawaida, kama mtu anayepiga stori, sio hotuba. Ila hoja peke yake haitoshi, waonyeshe.

Nikueleze ninavyopenda ifanyike mwaloni. Acheni kupita nyumba kwa nyumba kwa muda, maana hapo kila mtu anabaki na kidonge na hofu yake ndani peke yake. Nendeni pale pale watu wanapochotea, asubuhi, muda ambao ndoo ni nyingi. Muwe na dumu la klorini iliyopimwa na bomba la sindano lisilo na sindano, kila anayechota anatiliwa kwenye ndoo yake mbele ya macho yake, na anayetia asiwe mgeni, awe mtu wa hapo hapo, kama ni mke wa mvuvi anayejulikana mwalo mzima hapo mmepata. Ndoo ya kwanza iwe ya kwenu, mnayokunywa nyie siku nzima mkiwa mmesimama juani. Baada ya nusu saa wapimieni watu klorini iliyobaki kwa kile kidonge cha kupimia kinachofanya maji yageuke pinki, lakini jamani waelezeni kabla kwamba rangi itatokea na ni ya kipimo, na maji yaliyopimwa yanamwagwa, hayanywewi, la sivyo mtaondoka na uvumi mpya wa maji yanayogeuka damu. Mtoto wa shule akishika kile kichupa akalinganisha rangi mwenyewe, jioni nyumbani ataongea kuliko gari lako la spika.

Na hapo hapo mtagundua kitu kingine. Nna wasiwasi kuna watu kwenu wanamwaga maji kwa sababu ya harufu tu, wala sio uzazi. Kidonge kimetengenezwa kwa ndoo ya lita 20, nyumba haina ndoo ya lita 20, ina kidumu cha lita 5 cha mafuta ya kula, mama anatia kidonge kizima. Hiyo ni mara nne, yananuka kama ya kufulia, mtoto anakunja uso, na mtu aliyekunja uso ukimwambia "hii ni sumu" anakubali mara moja. Kagueni vyombo vyenu vya kijiji ni vya ukubwa gani kabla hamjaendelea kulaumu WhatsApp. Maji yakiwa na tope wachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwenye tope klorini haifanyi kazi vizuri.

Hili la kuonyesha nimelirudia kwa sababu Kongo lilibadilisha mambo kweli. Kwenye Ebola ile maiti zilikuwa zinafungwa kwenye mifuko isiyoonyesha, familia inaambiwa huyu ni baba yenu, zikeni. Ikaenea kwamba ndani kuna mawe, kwamba viungo vimetolewa vikauzwa. Msalaba Mwekundu walikuwa na vijana wa mitaa hiyo hiyo wanaandika kila wanachosikia, na malalamiko ya mifuko yalivyozidi wakaleta mifuko yenye sehemu ya kuonyesha, familia inaona uso. Halafu shirika la ALIMA likaweka Beni vyumba vya plastiki angavu, mgonjwa yuko ndani, mke wake yuko nje upande wa pili anamuona, wanaongea, daktari anamhudumia bila kuonekana kama mtu wa mwezini. Hakuna kipeperushi kinachoweza kufanya kazi hiyo. Kwenu kama kuna kambi ya kipindupindu imezungushiwa turubai na hakuna anayejua yanayofanyika ndani, ruhusuni ndugu mmoja mmoja aingie akiwa ananawa mikono na kukanyaga dawa, kipindupindu hakiruki kwa hewa wala jasho. Na waliopona watoke mchana watu wakiwaona, wasisafirishwe usiku.

Sasa kuna kitu unaweza usikipende. Ukiwasikiliza watu vizuri utakuta hasira nyingi hata hazihusu vidonge. Watakuuliza mbona zahanati haina dawa ya malaria mwaka mzima, mbona bomba la mradi lilizinduliwa likakauka, leo kipindupindu kimekuja ndo mnatukumbuka na magari matatu? Beni walikuwa wanauliza hivyo hivyo, wamechinjwa na waasi tangu Oktoba 2014, hawakuona dunia ikija, ikaja Ebola dunia nzima ikashuka na magari meupe. Surua ya nchi nzima kipindi hicho hicho ilipita vifo 6,000 kufikia mwanzoni mwa 2020, Ebola yote ile iliua 2,287, na makamera yalikuwa kwenye Ebola. Halafu tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ikatangaza Beni na Butembo hawapigi kura mpaka Machi, sababu Ebola na usalama. Rais mpya akaapishwa Januari bila kura zao. Kesho yake tu baada ya tangazo kituo cha wagonjwa Beni kikavamiwa, na Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa ndani ya siku chache. Watafiti walishawauliza watu 961 wa Beni na Butembo miezi mitatu kabla ya hilo tangazo, robo hawakuamini kama Ebola ipo na waliowaamini viongozi wa eneo hawakufika theluthi. Tume ilienda kumwagia petroli mahali palipokuwa panafuka moshi tayari.

Kwako maana yake ni hii, mtu akikuuliza kuhusu dawa ya malaria usimwambie "hiyo sio idara yetu, leo tunaongelea kipindupindu". Andika. Kampelekee mtendaji na mganga wa zahanati, ukirudi mwambie ulichojibiwa hata kama ni hapana. Kuna watu watakunywa maji yenu sio kwa sababu mmewaelimisha, ila kwa sababu ulirudi na jibu.

Na kwetu Tanzania tusijifanye hatujui. Takwimu za Covid zilisimama mwaka 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, kilichofuata kila mtu anakumbuka, kila msiba ulikuwa na tafsiri yake na klipu yake. Januari 2025 ukaja ugonjwa wa Marburg kule Kagera, Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa tarehe 14, wizara ikasema hakuna, tarehe 20 Rais mwenyewe akasimama na mkuu wa shirika hilo akatangaza mgonjwa amethibitishwa. Kutangaza ilikuwa sawa kabisa na ugonjwa ukadhibitiwa kufikia Machi, ila zile siku chache katikati mtu wa Biharamulo alikuwa amuamini nani? Kwa hiyo mwambieni ukweli mtendaji wenu, idadi ya wagonjwa na vifo vya kijiji iandikwe ubaoni pale ofisini kila jioni. Mkiacha kuandika, idadi itatolewa na mtu wa voisi, na yake itakuwa kubwa kuliko yenu.

Kuhusu nani aongee, sipendi ule utaratibu wa kukusanya "viongozi wa dini na wazee maarufu" kwenye semina, wanapewa posho na kofia, wanarudi kusoma karatasi. Watu wanaona kofia. Muulizeni kila kundi lenyewe linamuamini nani, na majibu yatawashangaza. Wavuvi watataja mwenye mtumbwi mmoja ambaye hana cheo chochote. Akina mama watataja mkunga wa zamani, na kwa hili la uzazi huyo ndo mtu wenu hasa, akisema yeye "nimetumia, mkwe wangu ana mimba na anakunywa" mjadala umeisha kwa nusu ya kijiji. Bodaboda msiwasahau maana wao ndo redio inayotembea. Na aongee Kiha kama nyumbani wanaongea Kiha, kama kuna Wakongomani na Warundi mwaloni aongee mtu wao. Hawa wageni muwe nao makini sana, kipindupindu cha 2015 pale Kagunga kilipowakuta maelfu ya wakimbizi wa Burundi wakisubiri MV Liemba iwavushe, kilikuwa kwa sababu watu makumi ya maelfu walikuwa kwenye ufukwe mdogo bila vyoo wala maji, sio kwamba waliuleta mfukoni. Uvumi unaoanza na vidonge unaweza kugeuka ukawa wa "hawa ndo wametuletea" na huo unamwaga damu.

Kuna uvumi mwingine ni wa kweli, na hapa ndo wataalamu wenzangu huwa wanakunja sura. Kongo watu walisema "Ebola ni biashara" tangu mwanzo, wakaambiwa wanapotoshwa. Baadaye aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, akahukumiwa Machi 2020 miaka 5 kwa ubadhirifu wa pesa za Ebola, zaidi ya dola 400,000. Walisema wanawake wanaombwa ngono ili wapate kazi kwenye Riposti, ndivyo walivyouita ule mpango wa kupambana na Ebola, na Septemba 2021 tume huru ikataja watuhumiwa 83, kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Kwa hiyo ukisikia kwamba vidonge vinauzwa dukani wakati ni vya bure, au kuna kiongozi amejaza orodha ya wajitoleaji kwa ndugu zake, au mgawaji anasumbua mabinti, usikimbilie kukanusha. Kagua. Ikiwa kweli, mtu aondolewe na kijiji kiambiwe kwamba ameondolewa. Malalamiko ya ngono yasipite kwa mwenyekiti wala kwenye mkutano, yapite kwa mwanamke anayeaminika na yafike nje ya timu yenu.

Daftari uwe nalo, la kawaida tu la shule. Andika maneno kama yalivyosemwa, wapi, siku gani, aliyesema ni mama, kijana, mvuvi, jina usiandike. Kila jioni mkae timu nzima dakika kumi na tano mnaangalia lipi limerudi mara nyingi na lipi linaweza kuua mtu kesho. "Vidonge vinatoka China" hiyo iache ipite, haiui. "Ukienda kambini wanakudunga unakufa" hiyo shughulika nayo usiku huo huo, maana kipindupindu kinaua ndani ya masaa, wakati wanaowahi kupewa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na dripu karibu wote wanapona, wanaokufa ni chini ya 1 kati ya 100. Ndo habari njema mliyonayo na sijui kwa nini hamuitangazi! Afrika Magharibi 2014 mabango ya kwanza yalisema Ebola haina tiba, watu wakabaki nyumbani na wagonjwa wao, kwa nini waende hospitali kufa peke yao? Nyie tangazeni wanaopona.

Kwa WhatsApp, msiposti ile voisi mkaipigia mstari mwekundu "UONGO". Mnaisambaza tu. Rekodini yenu, fupi isiyozidi dakika moja, sauti ya mtu anayejulikana, ianze na kilicho kweli: maji ya mwaloni yana vimelea, kidonge kimoja ndoo ya lita 20, subiri nusu saa, aliyeanza kuharisha mpe ORS, kama huna changanya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, mlete. La uzazi litajwe katikati mara moja tu, kwa kifupi, pamoja na sababu. Itumeni kwenye magrupu ya vikoba, ya wavuvi, ya kwaya, ya madrasa, sio kwenye grupu la ofisi ambalo wote mmo nyie kwa nyie.

Mwisho ule wa polisi. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 ipo na inagusa taarifa za uongo, bosi wako hajaitunga. Ila angalia Mogincual, Nampula, Machi 2009. Baada ya vurugu za kipindupindu na kuuawa kwa watu wa Msalaba Mwekundu polisi walikamata watu, wakawajaza kwenye selo ndogo, zaidi ya 10 wakafa kwa kukosa hewa usiku mmoja. Aliyekuwa na shaka kwamba serikali inataka kuwaua alilala bila shaka yoyote. Butembo nako kusindikizwa na askari hakukuleta usalama uliotarajiwa, tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Cameroon aliuawa akiwa kazini hospitalini. Mtu anayewaambia watu wawapige wahudumu, huyo ni wa polisi, wala usisite. Anayesema vidonge vinaziba uzazi, bado.

Nenda kamuone, usiende na sare, nenda na mtu anayemheshimu, shemeji yake, imamu, yeyote. Usimwambie amekosea, muulize ameona nini. Kuna uwezekano mke wake mimba imetoka wiki ile ile mliyogawa, hutajua mpaka umsikilize, na kama ndivyo anahitaji pole kwanza, maelezo baadaye. Kuna uwezekano vile vile anauza maji au dawa zake za kienyeji na nyie mmemharibia soko, au anautaka uenyekiti, hapo shughulikeni na wasikilizaji wake, yeye mwacheni. Kama ni wa aina ya kwanza na ameelewa, mwombe kesho asubuhi aje mwaloni akae kwenye dumu la klorini, atie yeye kwenye ndoo za watu. Akikataa, usilazimishe, mwambie basi achemshe maji yake mpaka yatokote kabisa na ayafunike, na muachie pakiti mbili tatu za ORS aweke ndani.